Masika Yakizidi: Jinsi Maji Yanayokaa Yanavyoharibu Mahindi Kuanzia Shambani Hadi Ghalani

Mkulima wa Kilifi amezoea kuombea mvua. Kule Ganze na Bamba, ambako msimu mzima unaweza kupita bila mavuno ya maana, si rahisi kumshawishi mtu kwamba mvua nyingi nayo inaweza kumwachia ghala tupu. Lakini mvua za El Niño za mwisho wa mwaka wa 2023 zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za Pwani, na masika ya mwaka wa 2024 yalisababisha maafa katika maeneo mengi ya nchi. Ukame na mafuriko sasa vinafuatana kwa karibu, na maarifa ya kukabili ukame pekee hayamtoshi tena mkulima.

Hasara nyingi za msimu wa mvua hutokana na maji kukaa muda mrefu mahali pasipofaa: kwenye udongo unaozunguka mbegu, kwenye mizizi ya mmea mchanga, na mwishowe ndani ya punje iliyokwisha komaa. Katika kila hatua kuna muda mfupi ambao mkulima anaweza kufanya jambo kabla hasara haijatokea.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari ya mvua kubwa inapotarajia zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Kwa wengi, nambari hiyo haina maana mpaka ipimwe kwa mtungi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita mraba. Ekari moja ina zaidi kidogo ya mita mraba 4,000. Kwa hivyo milimita 20 ni takriban lita 81,000 kwa ekari, yaani zaidi ya mitungi 4,000 ya lita 20 iliyomwagwa shambani kwa siku moja. Swali la kujiuliza kabla ya msimu ni hili: maji hayo yataelekea wapi?

Mbegu inavyokosa hewa

Katika sehemu nyingi za kaunti, mahindi hupandwa kati ya mwisho wa Machi na Aprili. Mbegu ikishafyonza maji huanza kupumua kwa kasi, na hewa hiyo huitoa katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji, hewa iliyobaki humalizika kwa siku moja au mbili. Baada ya hapo mbegu hudhoofika na kuvu wa udongoni huanza kuila. Ndiyo maana shamba lililopandwa siku moja, kwa mbegu ya pakiti moja, linaweza kuota vizuri mwinukoni na kuwa na mapengo bondeni. Mara nyingi lawama huenda kwa muuzaji wa mbegu, au kwa ndege na panya. Njia ya kujua ni kufukua. Mbegu iliyo hai huwa ngumu na ina mzizi mweupe. Iliyokufa kwa maji huwa laini, ya kahawia, na hunuka.

Udongo mzito usipandwe ukiwa unanata kwenye jembe. Udongo wa namna hiyo ukikanyagwa hushikana, na shimo la mbegu hugeuka kuwa kikombe cha maji. Kusubiri siku mbili au tatu baada ya mvua kubwa hakumcheleweshi mkulima. Kupanda mara mbili ndiko kunakomchelewesha. Ikibidi kuziba mapengo, kazi hiyo ifanywe ndani ya siku saba hadi kumi tangu mimea ya kwanza kuota. Mahindi yanayopandiziwa baadaye hufunikwa na kivuli cha wenzake na hayabebi kitu. Pengo likiwa kubwa na msimu umesonga, ni afadhali kupanda kunde au pojo, ambazo hukomaa mapema, kuliko kulazimisha mahindi.

Mimea iliyokwisha ota nayo ina hatari yake. Mpaka mhindi uwe na majani kama sita, kitovu cha ukuaji wake bado kiko chini ya ardhi. Ukifunikwa na maji unaweza kustahimili siku mbili hadi nne, na muda huo hupungua kukiwa na joto, kama ilivyo kawaida ya Pwani. Mfereji unaochimbwa siku ya tano unafaa kwa msimu ujao tu.

Kwa mashamba ya kando ya Mto Sabaki kuna jambo la ziada. Maji ya mto huo hutoka mbali sana, kupitia Mto Athi, kutoka nyanda za Nairobi na Machakos. Shamba la Magarini linaweza kufurika wakati mbingu ya hapo ni nyeupe. Mkulima wa huko anapaswa kufuatilia utabiri wa bara kama anavyofuatilia wa Malindi.

Njano inayodanganya

Wiki chache baada ya mvua kubwa, mahindi mengi hubadilika rangi. Umanjano huanzia kwenye ncha ya jani la chini na kufuata mshipa wa katikati, ukichora umbo la herufi V. Wengi hudhani ni ugonjwa na kununua dawa ya kunyunyiza. Mara nyingi ni njaa ya naitrojeni.

Sababu yake hutofautiana kulingana na udongo. Kwenye ukanda wa mchanga ulio karibu na bahari, maji hupita haraka na kubeba naitrojeni hadi chini ya mizizi. Kwenye udongo mzito wa sehemu za ndani maji hayapiti, na vijidudu vya udongoni vilivyokosa hewa huigeuza naitrojeni kuwa gesi inayopotelea angani. Mizizi iliyosongwa na maji nayo hushindwa kunyonya hata ile kidogo iliyobaki.

Kwa hivyo mbolea ya kukuzia, ambayo wengi huijua kwa jina la CAN, isitiwe siku ambayo mvua kubwa imetabiriwa. Isitiwe pia kwenye maji yaliyotuama. Mwenye shamba la mchanga anafanya vyema kuigawa mara mbili: nusu mahindi yakifika magotini, nusu iliyobaki wiki mbili au tatu baadaye. Kazi huongezeka, lakini mvua moja haiwezi kuondoka na mfuko mzima.

Palizi ni tatizo jingine. Magugu yaliyong'olewa kukiwa na mvua na kuachwa palepale hushika mizizi upya, na siku mbili baadaye shamba linaonekana kama halikuguswa. Yakusanywe pembeni, au palizi ingoje siku ya jua. Mvua ina jema moja katika hatua hii: matone mazito huwaosha na kuwaua viwavijeshi vamizi wachanga, wale waliothibitishwa kuingia nchini mwaka wa 2017. Shamba lichunguzwe kabla ya kupuliza dawa baada ya mvua. Huenda gharama hiyo haihitajiki.

Muhogo unastahili neno lake, kwa kuwa Chonyi, Kaloleni na Rabai huutegemea. Unasifiwa kwa kustahimili kiangazi, na sifa hiyo ni ya kweli, lakini huoza haraka kwenye maji yaliyotuama. Mahali penye udongo mzito upandwe juu ya matuta.

Kuvuna bila jua

Hatua ya kuvuna ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyozungumzwa sana. Aina za mahindi zilizozalishwa kwa ajili ya Pwani, kama Pwani Hybrid 1 na Pwani Hybrid 4, hukomaa kwa takriban miezi mitatu hadi minne. Yaliyopandwa Aprili huwa tayari Julai au Agosti, wakati upepo wa kusi bado unaleta manyunyu kutoka baharini. Mkulima huyaacha shambani akisubiri jua. Jua likichelewa, maji hupenya kwenye maganda, punje huanza kuota zikiwa bado kwenye gunzi, wadudu huingia, na kuvu hufuata njia waliyotoboa wadudu.

Kusubiri huko hakuongezi chochote. Chukua punje kadhaa kutoka katikati ya gunzi na uzichune kwenye kitako. Ukiona utando mweusi, mmea umekwisha kufunga mlango wa chakula na punje haitaongeza uzito tena. Wakati huo unyevu wake bado ni asilimia 30 au zaidi, nao ndio unaopaswa kupunguzwa. Kama kuna paa na upepo nyumbani, mahindi hukauka vizuri zaidi huko kuliko shambani penye mvua.

Maganda yaondolewe mara tu mahindi yafikapo nyumbani, kwa sababu hushika maji. Mahindi yapangwe juu ya kichanja, si sakafuni, yasirundikwe, na upepo upite chini na pembeni. Yakipungua maji yapukuchuliwe na kuanikwa juu ya turubai kwa unene usiozidi sentimita tano, yakigeuzwa mara kwa mara. Kuanika juu ya udongo mtupu ni kosa hata siku ya jua kali, kwani udongo ndio makao ya kuvu. Wingu likitanda, turubai likunjwe. Mahindi yakilowa upya hupoteza kazi ya siku tatu.

Wazee wa Pwani walikuwa na jibu lao: uchaga juu ya meko. Joto na moshi wa kila siku vilikausha mahindi na kuwafukuza wadudu, hata mvua ikinyesha wiki nzima. Nyumba za mabati zenye jiko la gesi au makaa zimeuondoa uchaga, na mara nyingi hakuna kilichochukua nafasi yake isipokuwa gunia lililoegemezwa ukutani chumbani. Uchaga haubebi mavuno ya ekari tatu, lakini kwa familia iliyo nao bado ni mahali salama pa mahindi ya kula.

Kipimo ni asilimia 13.5

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ndicho kiwango kinachotumika pia katika biashara ya nafaka Afrika Mashariki. Kuuma kwa jino hakutoshi.

Asiye na mashine anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa safi ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kiasi cha robo ya chupa, kisha mahindi hadi nusu. Funga, tikisa kwa dakika moja, uiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15. Kwa hewa ya Pwani, chumvi yenyewe huwa na maji, kwa hivyo ikaushwe kwanza kwenye kikaango, la sivyo itaganda hata kwa mahindi makavu. Zaidi ya hayo, chumvi isiyoganda inaonyesha tu kwamba unyevu uko chini ya asilimia 15. Mahindi yaanikwe siku moja au mbili zaidi kabla ya kutiwa guniani.

Magunia yasiyopitisha hewa yamewasaidia wengi kudhibiti dumuzi bila dawa, lakini hayakaushi. Mahindi mabichi yakifungiwa humo huharibika bila mwenyewe kujua mpaka siku ya kufungua.

Wengine husita kukausha kwa sababu mahindi mabichi ni mazito kwenye mizani. Ni kweli: gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 likikaushwa hadi asilimia 13.5 hubaki na takriban kilo 83. Kilo saba zilizotoweka zilikuwa maji. Mnunuzi mwenye kipimo hatazilipia, na aliyezinunua bila kupima atakuta ukungu ghalani.

Ukungu huo ndio unaoweza kuua. Kuvu aina ya Aspergillus hustawi kwenye joto na unyevu, na hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na majirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, na nyingi za familia hizo zilikuwa zikila walichovuna wenyewe.

Sumu hiyo haina rangi wala ladha, na kuchemsha au kusonga ugali hakuiondoi. Kupangusa ukungu, kuosha au kukoboa hakumhakikishii mtu usalama. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au kutobolewa zitengwe kabla ya kusaga. Gunia lenye ukungu au harufu ya uvundo lisiliwe, lisiuzwe, wala lisipelekwe kwenye pombe. Lisipewe kuku, ambao hudhurika haraka, wala ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita kwenye maziwa na kumfikia mtoto. Mkulima anayeshuku mavuno yake ayaweke kando na kumwita afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya kuyagusa tena.