UKURASA WA AFYA: Chupa ya Uchafu wa Mgonjwa na Dawa Yake



Mwezi huu tunajibu swali ambalo ndugu wanaouguza wametuuliza mara nyingi. Wanakaa kando ya kitanda wodini na kuona mashine ikinguruma, ikifyonza makohozi au damu kwa mpira mwembamba hadi kwenye chupa. Baadaye muuguzi anazima mashine na kumimina maji fulani ndani ya chupa ile. Wanatuuliza: "Sista, unatia nini humo? Na sisi tukirudi nyumbani na mgonjwa, tufanyeje?"

Swali ni zuri, maana wanaouguza nyumbani wengi wao ni akina mama na mabinti, na hawana glavu wala miwani ya kukinga macho.

Kuna nini ndani ya chupa?

Mna makohozi, ute, matapishi au damu. Humo vinaweza kuwamo vijidudu vya kifua kikuu, virusi vya homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Chupa ikikaa imetulia mezani, haimdhuru mtu. Hatari inakuja pale tunapoifungua, tunapoibeba na tunapoimwaga, kwa sababu hapo ndipo uchafu unaporuka. Tone moja likiingia jichoni, mdomoni au kwenye kidonda linaweza kuleta ugonjwa.

Hospitalini tunafanyaje?

Kwanza hatungoji chupa ijae. Ikifika kama robo tatu, tunaibadilisha. Chupa iliyojaa humwagika, na uchafu unaweza kuvutwa hadi ndani ya mashine na kuiharibu.

Pili, tunavaa glavu, aproni na kinga ya macho kabla ya kugusa chochote. Kisha tunazima mashine, na ndipo tunachomoa mipira.

Tatu, kama utaratibu wa hospitali ni kutia dawa ndani ya chupa, tunaimimina taratibu ikiteremka ubavuni mwa chupa. Hatuimwagi katikati kutoka juu, wala hatutikisi chupa ili ichanganyike. Tunaacha nafasi ya kutosha, kwa kuwa dawa huweza kutoa povu. Baada ya muda uliopangwa, tunamwaga polepole kwenye sinki la uchafu, uso ukiwa mbali, kisha tunaosha chupa.

Zamani, katika hospitali moja, tulimwona mwenzetu mwenye haraka akimimina dawa kwa nguvu ndani ya chupa iliyokaribia ukingo. Maji yenye damu yalimrukia jichoni. Alioshwa jicho kwa maji mengi, lakini yeye na familia yake waliishi miezi kadhaa kwa wasiwasi wakisubiri vipimo. Siku hizi zipo dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI, ila lazima zianzwe mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Kwa hiyo aliyerukiwa na damu asione haya. Aoshe mara moja kwa maji mengi, kisha akimbilie kituo cha afya siku ileile.

Je, dawa nyingi ni salama zaidi?

Wengi wanaamini hivyo, lakini sivyo. Dawa ya klorini, kama Jik, hupungua nguvu inapokutana na damu, makohozi na matapishi. Tena ukitia lita moja ya dawa yenye nguvu ya asilimia 0.5 katika lita moja ya uchafu, nguvu imekwisha kushuka hadi 0.25 hata kabla uchafu haujaanza kuila. Mtu anaona ametia dawa, anaacha kujihadhari, kumbe vijidudu vingine bado vi hai. Kwa hiyo hata chupa iliyotiwa dawa, tunaishika kama vile haikutiwa.

Nyumbani tufanyeje?

Nyumbani njia iliyo salama zaidi ni fupi: mwaga uchafu chooni kwanza, kisha tia dawa kwenye chombo kilichobaki kitupu. Fuateni hatua hizi:

1. Mgonjwa awe na chombo chake chenye mfuniko. Weka maji kidogo ndani ili makohozi yasigande. Usikiache kijae.

2. Vaa glavu. Ukiwa na kidonda mkononi, mwombe mwingine akusaidie.

3. Peleka chombo kikiwa kimefunikwa. Mwaga chooni polepole, karibu na tundu. Usimwage uani, mtaroni wala jalalani.

4. Suuza chombo kwa maji kidogo, na maji hayo nayo yaende chooni. Kisha kioshe kwa sabuni.

5. Tengeneza dawa: kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 6 vya maji, ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5. Ikiwa imeandikwa asilimia 5, tia vikombe 9 vya maji. Jaza chombo dawa hiyo, ngoja dakika 10, suuza, anika.

6. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ulivaa glavu.

Dawa iliyochanganywa itengenezwe upya kila siku, maana hupoteza nguvu. Kama mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani na mashine ya kufyonza, msiondoke wodini kabla muuguzi hajawaonyesha namna ya kuifungua na kuiosha, nanyi mkafanya mbele yake.

Mambo manne ya kukataa

Usichanganye Jik na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, siki wala ndimu. Hutoa hewa ya sumu inayobana kifua. Usiitie kwenye ndoo ya mkojo, kwa sababu nayo hutoa hewa inayochoma macho na pua. Mkojo umwagwe chooni moja kwa moja. Usifanye kazi hii katika chumba kilichofungwa.

La nne linatuuma zaidi. Usiweke Jik wala dawa iliyochanganywa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Tumempokea mtoto aliyekunywa akidhani ni maji, na mama yake akilia kwamba aliiweka pale "kwa dakika moja tu". Likitokea hilo, usimtapishe mtoto. Msuuze mdomo, mpeleke hospitali haraka, na chukua chupa uende nayo.

Choo nacho ni sehemu ya dawa

Huku kwetu Mbagala, Tandale, Manzese na kwingineko nyumba zimebanana, na mahali pengine maji ya ardhini yapo karibu. Masika yakija, wapo wanaotapisha vyoo ili mvua ichukue uchafu. Uchafu wa mgonjwa wako unapita mlangoni kwa jirani na kuingia kisimani. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Kinondoni, kikaenea Dar es Salaam na mikoa mingine, na watu zaidi ya 20,000 waliugua nchini. Kazi yote ya kumwaga kwa uangalifu ni bure kama choo chenyewe kinafunguliwa siku ya mvua. Jumuiya zetu ndogo ndogo ziliongee jambo hili kabla ya masika. Nyumba kadhaa zinaweza kuchangia gari la kunyonya majitaka. Na ukiona mgonjwa anaharisha maji mfululizo na kutapika, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti mkiwa njiani, mfikishe kituoni, na fuateni maagizo ya bwana afya kuhusu dawa ya ndoo na choo.

Wapendwa, Msamaria Mwema hakuishia kumwonea huruma yule majeruhi. Aliinama, akagusa vidonda, akatumia alichokuwa nacho. Nanyi mnaouguza mnafanya kazi yake kila siku, usiku na mchana. Tunaomba muifanye kwa mikono iliyokingwa, bila haraka, ili baada ya mgonjwa kupona asibaki mwingine kitandani.

Mungu awabariki.