SOMO LA GEREJI: JINSI YA KUBADILISHA SHOKI ZA GARI NYUMBANI BILA KUUMIA

Katika kurasa za jarida hili tumezoea insha, mashairi na vitendawili. Mimi leo nawaletea somo la mikono. Ukipita mitaa ya Ruring'u siku ya Jumamosi, hutakosa kuona gari limepandishwa juu ya mawe uani, na miguu ya mtu imechomoza chini yake. Wengi hubadilisha shoki wenyewe ili kuokoa pesa. Kazi yenyewe si ngumu. Nimeifanya mara kadhaa wakati wa likizo, nikimsaidia fundi wa jua kali. Lakini ndani yake mna hatari moja inayoweza kumtoa mtu roho kufumba na kufumbua, na wanaoijua ni wachache. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

SHOKI NI NINI?

Gari hubebwa na springi. Gurudumu likipanda tuta au likiingia shimoni, springi hujikunja kisha hujikunjua. Ikiachwa peke yake, gari litaendelea kurukaruka kama mpira. Kazi ya shoki ni kuituliza. Ndani ya shoki mna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Mafuta yakilazimishwa kupita katika vitundu hivyo, nguvu ya mruko hugeuka joto, na gari hutulia.

Katika magari mengi madogo tunayoyaona Nyeri, kama vile Toyota Corolla na Probox, shoki ya mbele hupitishwa katikati ya springi, vyote viwili vikawa kitu kimoja. Kitu hicho huitwa strati. Aliyebuni mpango huu ni mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940. Magari ya Ford Consul na Zephyr yaliyotokea Uingereza mwaka wa 1950 yalisaidia kuueneza. Matatu nyingi za Toyota Hiace hazina strati: mbele zina vyuma virefu vinavyojisokota, na nyuma zina springi za bapa. Kwa hivyo somo hili haliwahusu wenye Hiace za aina hiyo.

DALILI ZA SHOKI ILIYOKUFA

(a) Mafuta yanavuja na kuchafua mwili wa shoki.
(b) Gari linainamisha pua sana dereva anapokanyaga breki.
(c) Tairi zinalika kwa mabaka, si kwa usawa.
(d) Ukikandamiza pembe ya gari kisha uachilie, linaruka zaidi ya mara moja au mbili kabla ya kutulia.

Mtu asidharau dalili hizi. Tairi inayorukaruka haishiki barabara, na breki nazo huchelewa kulisimamisha gari. Fikiria mteremko, mvua ya Aprili, na watoto wanaovuka kwenda shule. Pia shoki hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Ukiweka mpya upande mmoja tu, gari litakuwa kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

HATARI YENYEWE

Hapa ndipo fizikia inapokutana na gereji. Robert Hooke alieleza mwaka wa 1678 kwamba kadiri unavyoibana springi ndivyo inavyozidi kukusukuma. Tuchukue mfano. Tuseme springi inahitaji nyutoni 20 kwa kila milimita moja, nawe umeibana milimita 150. Hesabu ni 20 × 150, yaani nyutoni 3,000. Huo ni uzito wa magunia matatu ya mahindi ya kilo 90, na ziada. Nishati iliyojificha humo ni nusu ya 3,000 × 0.15, yaani jouli 225. Ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 uliodondoshwa kutoka karibu nusu mita. Je, ungekubali kuweka taya lako chini ya mfuko huo?

Sasa sikilizeni. Springi iliyo ndani ya strati haiko huru hata gari likiwa juu ya jeki. Imebanwa baina ya kikombe cha chini na bamba la juu, na kinachoizuia isifyatuke ni nati moja tu ya katikati. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliifungua nati hiyo bila kuibana springi kwanza. Bamba lilimrukia usoni likamvunja taya. Alishukuru Mungu kwamba jicho lilipona. Wako pia wanaosema ati waya au kamba ya katani inatosha kuifunga springi. Haitoshi! Waya hukatika bila kubisha hodi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa huvunjika hata taya.

Kifaa halali ni kibanio cha springi. Huwa viwili, kila kimoja kikiwa na kulabu na bolti ndefu yenye meno. Si lazima ukinunue. Ukiwa na fundi unayefahamiana naye, unaweza kuazima au kukodi kwa siku moja.

HATUA ZA KAZI

1. Egesha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, na uweke kizuizi nyuma ya magurudumu yasiyoinuliwa. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua gari.

2. Inua kwa jeki, kisha ulikalishe gari juu ya stendi za chuma. Mawe na matofali hupasuka, na jeki peke yake huweza kushuka. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

3. Toa gurudumu. Fungua paipu ya breki na waya zilizoshikizwa kwenye strati, pamoja na kile kiungo kidogo cha stablaiza kama kimeungwa hapo.

4. Tia alama mahali bolti mbili za chini zilipokaa, kisha uzitoe. Funga sehemu ya breki kwa kamba ili isining'inie kwa paipu yake.

5. Fungua boneti. Utaona nati za pembeni, mara nyingi tatu, na moja ya katikati. Fungua zile za pembeni, huku mwenzako ameishika strati kwa chini. ILE YA KATIKATI USIIGUSE! Toa strati nje.

6. Weka vibanio viwili, kimoja kikikabiliana na kingine, vikishika mizunguko mingi ya springi kadiri iwezekanavyo. Hakikisha kulabu zimeketi sawasawa. Kaza kwa spana ya mkono, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Ukikaza upande mmoja tu, springi itapinda na kuchomoka.

7. Endelea mpaka springi iachane na bamba na uweze kuizungusha kwa mkono. Hapo tu ndipo unaruhusiwa kufungua nati ya katikati. Usielekeze ncha ya strati kwako wala kwa mwenzako. Vaa miwani ya kazi.

8. Kagua bamba la juu, beringi yake, na raba ya kuzuia vumbi. Vilivyochakaa vibadilishwe sasa. Isukume shoki mpya juu na chini mara chache ikiwa wima ili hewa itoke.

9. Rudisha springi, ncha yake ikae katika kishimo chake kwenye kikombe. Funga nati mpya ya katikati barabara, kisha ulegeze vibanio kidogo kidogo kwa zamu kama ulivyovikaza.

10. Rudisha strati garini kwa kufuata alama zako. Kaza kila bolti kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Fanya upande wa pili vivyo hivyo, kisha upeleke gari likapimwe alainimenti. Ukiruka hatua hiyo, tairi zitalika na pesa ulizookoa zitakwenda dukani.

Ukiona kutu imeshika bolti, au kibanio kimepinda meno, acha kazi umwite fundi. Kuacha si aibu.

LA MWISHO

Wengine watauliza: haya yanahusianaje na Kiswahili? Yanahusiana sana. Fundi na mwanagenzi wake huelewana kwa maneno. Neno "legeza" likisikika kama "fungua", mtu anaumia. Kwa hivyo lugha safi gerejini ni kinga kama miwani. Wasichana pia wasiachwe nyuma. Vibanio hufanya kazi ya nguvu. Mtu anahitaji subira na macho makini tu. Haraka haraka haina baraka.

MSAMIATI

Strati – shoki na springi zilizounganishwa pamoja.
Kibanio – kifaa cha kubania springi ili isifyatuke.
Kulabu – chuma kilichopinda cha kushikia kitu.
Kufyatuka – kuachilika ghafla kwa nguvu.
Mwanagenzi – anayejifunza kazi kwa fundi.

MASWALI

1. Kwa nini nati za gurudumu hulegezwa kabla ya gari kuinuliwa?
2. Springi inayohitaji nyutoni 25 kwa milimita imebanwa milimita 120. Inasukuma kwa nguvu gani?
3. Eleza tofauti ya "kulegeza" na "kufungua", kisha utunge sentensi mbili.
4. Fundi amekuambia vibanio vimepotea na mwenye gari ana haraka. Utamjibu nini?