Ukucha wa Pembeni Usikupe Presha, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, kaa tuzungumze. Najua mbwa wako kazaa, vitoto viko chini ya kihenge, macho hayajafunguka, na tayari mtaa mzima una maoni. Shemeji anasema ule ukucha wa pembeni mguuni ukatwe sasa hivi, kabla mtoto hajajua maumivu. Jirani anasema usipoukata, mbwa atakuwa goigoi. Yule kijana aliyerudi kutoka Dar na mbwa wake wa kizungu naye kasema mbwa wa maana hana vidole vya kuning'inia. Na wewe, kwa sababu hupendi kuonekana mshamba, umeshanunua wembe. Subiri kidogo. Huo wembe nyoa nao ndevu.

Usione haya, hujapotea peke yako. Kutoka Kitura na Maguu huku milimani mpaka Liuli na Mbamba Bay kule ziwani, swali ni hilo hilo, na kila anayeuliza huanza kwa kuomba radhi, eti ni jambo dogo. Jambo la kiumbe anayelala mlangoni kwako akilinda usingizi wako si dogo. Tena afadhali aulizaye leo kuliko ajaye kesho na kitoto kimevimba mguu mzima.

Kwanza mjue mnayemzungumzia. Shika mguu wa mbele wa mbwa yeyote, hata huyu wa kienyeji anayepita. Vidole vinne vinakanyaga chini. Cha tano kiko juu kidogo, upande wa ndani, hakigusi ardhi akiwa amesimama. Kwa sisi hicho ndicho kingekuwa kidole gumba. Sasa kibonyeze taratibu. Unasikia ugumu? Ndani mna mifupa, mna kiungo, mna kano za kukivuta. Mungu hakukibandika pale kwa kusahau. Mbwa akitafuna mfupa, kwa kidole hicho ndipo anapoubana usiteleze. Akikimbia kwa kasi na kukata kona, mguu unalala, ukucha ule unagusa udongo na kuushika. Wewe unayelima ngolo kwenye mteremko, unayemtegemea mbwa kuwafukuza nyani na nguruwe kwenye mahindi, hebu mwangalie siku moja anavyogeuka ghafla juu ya matuta yale. Halafu uniambie kama ungependa apunguziwe breki. Wapo madaktari wa mbwa wa michezo huko nje wanaoamini kwamba mbwa aliyekatwa vidole hivyo huumia zaidi kifundo cha mguu anapozeeka. Mimi nawaelewa.

Kwa hiyo cha mbele, jibu langu ni fupi: kiache. Usipoona jeraha wala uvimbe, kiache.

Cha nyuma ndicho kinachohitaji mazungumzo. Mbwa wengi hawazaliwi nacho kabisa. Wachache huzaliwa nacho, pengine kimoja kila mguu, pengine viwili, na mara nyingi hakina mfupa unaokishika, kimeshikiliwa na ngozi tu, ukikigusa kinayumba. Hicho kinaweza kweli kunasa kwenye waya au kichakani na kuchanika. Nasema kinaweza, sijasema lazima. Wako mbwa wanaozeeka nacho bila kuchubuka hata siku moja. Ukiona kinacheza sana na mbwa wako ni wa kushinda porini, hapo una haki ya kumuuliza daktari kama kiondolewe. Kama kimekaa imara na kina mfupa, basi kihesabu kama ndugu zake wa mbele.

Na usije ukaambiwa ni mkosi. Ufaransa kuna mbwa wa wachungaji aitwaye Beauceron, ambaye kwa wafugaji wake asipokuwa na vidole viwili vya ziada kwenye kila mguu wa nyuma anahesabiwa ana kasoro. Norway wanaye Lundehund, mbwa mdogo mwenye vidole sita kila mguu, aliyekuwa akipanda majabali ya pwani kuwawinda ndege wa baharini. Kumbe kinachoitwa balaa kwa mmoja, kwa mwenzake ni sifa.

Najua utaniletea hoja ya pili, maana vijana wa siku hizi mnasoma. Utasema: dada, mbona mbwa mwitu hana hicho kidole, na anakimbia kutwa? Ni kweli, mdogo wangu. Mbwa mwitu, hawa ambao bado wapo mkoani kwetu upande wa Namtumbo na Tunduru, kwenye ushoroba unaokwenda mpaka Niassa, ana vidole vinne tu hata miguu ya mbele. Lakini yeye kazaliwa hivyo, na baba yake na babu yake, mwili wote umejipanga kwa vidole vinne. Wa kwako kazaliwa na vitano. Kumkata kimoja hakumfanyi mbwa mwitu, kunamfanya mbwa aliyekatwa.

Na huyo kijana wa Dar na German Shepherd wake, msikilize kwa adabu, ila usibebwe. Hata Wamarekani, ambao kanuni zao za mbwa wa maonyesho ni ndefu kuliko risala ya harusi, wanasema German Shepherd vidole vya mbele kwa kawaida huachwa, vya nyuma kama vipo ndivyo huondolewa. Mengi tunayoyaita mambo ya kizungu, wenyewe hawayafanyi hivyo. Mtu kaona picha, kaongeza la kwake. Leo ukucha, kesho mkia, keshokutwa masikio yakatwe awe mkali. Bandubandu huisha gogo. Mbwa hawi mkali kwa kukatwakatwa, anakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayemng'ata mtoto wa jirani.

Sasa tuje kwenye lile neno la shemeji, kwamba kitoto cha siku tatu hakisikii maumivu. Si kweli. Kinasikia. Kinalia vile kinavyoweza, na mama yake anasikia zaidi, muulize aliyewahi kumnyang'anya mbwa mzazi kitoto chake. Ni kweli kwamba wanaoondoa vidole hivi hupenda kufanya siku ya tatu hadi ya tano, kwa kuwa mfupa bado laini na kidonda ni kidogo. Lakini wanaofanya ni madaktari wa mifugo, wenye vifaa vilivyochemshwa, dawa ya ganzi na uzi wa kushonea. Wembe wa dukani na majivu ya jikoni ni kitu kingine kabisa. Kitoto cha siku tatu kina damu kiasi gani, mdogo wangu? Kijiko kimoja kikimwagika ni msiba kwake. Kisha kinarudi kulala kwenye majani na vumbi, mama anakilamba kidonda, nzi wanatua. Siku ya nne kimevimba, siku ya sita unachimba shimo nyuma ya nyumba, na watoto wanakuuliza kilikufa kwa nini. Utawajibu nini?

Ukishapitwa na siku hizo tano, basi usikimbizane. Ngoja mbwa akue, afike miezi minne, mitano, sita, na kama kweli kidole cha nyuma kinamsumbua, daktari atamlaza usingizi kabisa na kukiondoa vizuri. Kama unampeleka kuhasiwa, vifanywe siku moja, usingizi mmoja. Anza kwa afisa mifugo wa kata, ndiye atakayekuelekeza kwa daktari wa halmashauri, Mbinga au Mbamba Bay. Upasuaji wenyewe ni wa daktari, usimshawishi afisa wa watu akufanyie kishkaji. Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa hata kama mnyama huyo ni wako na umemlisha ugali wako.

Nyumba nyingi, ukichunguza, kidole hakina kosa lolote. Shida ni ukucha uliorefuka. Huu haugusi ardhi, kwa hiyo hausagiki kama wenzake. Unakua, unapinda kama ndoano, mwisho unaweza kurudi na kuchoma nyama. Dawa ya ukucha mrefu ni kukata ncha, hukati kidole. Mkalishe mbwa jioni akiwa ameshiba na amechoka, mtu mwingine amkune shingo. Tumia mkasi mkali wa kukatia kucha. Ule wa kupogolea kahawa una utomvu na kutu, uache shambani. Ukucha ukiwa mweupe, uelekeze kwenye mwanga, utaona ndani mstari wa rangi ya waridi. Hapo ndipo penye mshipa, usipafikie. Ukiwa mweusi, kata vipande vyembamba sana, ukitazama kila mara pale ulipokata. Ukiona nukta imeanza kujitokeza katikati, acha. Ukikosea damu ikatoka, usipige kelele, chovya ukucha kwenye unga mkavu wa mahindi au ngano, ubane dakika chache. Itakata. Kisha piga tupa kidogo kulainisha ncha. Mzoeshe kushikwa miguu tangu angali mdogo, na hapo hapo utakuwa unamkagua funza na miiba katikati ya vidole.

Ila pana jambo linaloniumiza kuliko yote. Unaweza kupata hela ya kumlipa mtu akate ukucha, halafu mbwa huyo huyo hajachanjwa kichaa. Jamani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waling'atwa na mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, hauna tiba ya kutumainiwa. Chanjo ipo. Kitoto kikifika miezi mitatu kichomwe, na kila mwaka kirudiwe. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, na halmashauri nyingi huchanja kuzunguka siku hizo, sikiliza tangazo la kijiji. Hela ya ukucha ikanunue pia dawa ya minyoo, maana tumbo lile la kitoto unalolisifia kwa unene, mara nyingi ni minyoo imejaa. Na mtu aking'atwa, hata na mbwa mnayemfahamu, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msikae kumngoja mbwa aonyeshe dalili.

Na wewe uliyeniuliza kutoka Liuli, ambaye mbwa wako alinasa ukucha kwenye wavu ukang'oka nusu: huyo ni mgonjwa, haya yote ya kuacha au kukata hayamhusu. Usiuvute uliobaki. Muoshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, funga kitambaa kisafi kisichombana, mzuie asilambe, na asubuhi mpigie afisa mifugo. Kama anachechemea au mguu umeanza kuwa wa moto, usingoje asubuhi.