Kutafuta Makala Katika Hifadhidata za Maktaba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alitia ndani ya friza mchanganyiko wa maziwa na sukari uliokuwa bado moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa yake. Baadaye, pamoja na Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alilieleza jambo hilo katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, mwaka 1969. Je, mwanafunzi wa chuo anayetaka kuyasoma makala hayo leo atayapataje?

Hifadhidata ni nini?

Katalogi ya maktaba huonyesha vitabu na majina ya majarida. Kwa kawaida haionyeshi kila makala yaliyomo ndani ya majarida hayo. Kazi hiyo ni ya hifadhidata, yaani mkusanyo wa kumbukumbu uliomo katika kompyuta. Humo kila makala yana rekodi yake, nayo imegawanywa katika mafungu: mwandishi, jina la makala, jarida, juzuu, mwaka, kurasa, mada na muhtasari.

Kuchagua fungu

Makala ya Mpemba na Osborne yana jina la neno moja tu: "Cool?". Atakayetafuta maneno ya Kiingereza ya "maji" au "barafu" katika fungu la jina la makala hatayaona kamwe, hata kama yamo. Akitafuta katika fungu la mwandishi, atayapata mara moja: juzuu ya 4, ukurasa wa 172 hadi 175. Kwa hiyo kukosa jibu si ushahidi kwamba makala hayapo. Huenda swali limeulizwa mahali pasipofaa.

Kuunganisha maneno

Hifadhidata nyingi hutumia viungo vya Kiingereza. Kiungo AND hupunguza matokeo, kwa sababu hudai maneno yote mawili yawemo. Kiungo OR huyaongeza, kwa sababu hukubali lolote kati yake. Hufaa kwa maneno yenye maana zinazokaribiana, kama vile freezing OR ice. Alama za kunukuu huyafunga maneno pamoja, mathalani "Mpemba effect".

Kufuata mjadala

Hapana budi mwanafunzi asiishie kwenye makala ya kwanza. Baadhi ya hifadhidata huonyesha makala ya baadaye yaliyoyataja yale ya awali. Kwa njia hiyo ataona kwamba mwaka 2016 Burridge na Linden, katika jarida la Scientific Reports, walisema kuwa hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji moto hupoa upesi zaidi, na kwamba hata tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto inaweza kupotosha vipimo. Ataona pia kwamba mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, katika jarida la Nature, walionyesha tukio la namna hiyo kwa kutumia punje ndogo mno iliyomo majini, pasipo kugandisha chochote. Anayesoma makala mamoja tu kati ya hayo atatoka na hukumu ya upande mmoja.

Magazeti na majarida

Gazeti hueleza tukio karibu na siku lilipotokea. Makala ya utafiti katika jarida la kitaaluma hupitiwa kwanza na wataalamu wengine. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza iliandaa shindano la kulieleza jambo la Mpemba, na mshindi akatangazwa mwaka 2013. Habari za shindano hilo zitafutwe magazetini kwa kubana tarehe. Vipimo vyenyewe vitafutwe katika majarida.

Endapo hifadhidata inaonyesha muhtasari pekee, mwanafunzi amwendee mkutubi. Taasisi nyingi za nchi zenye kipato kidogo husoma majarida kwa njia ya mpango wa Research4Life, na majarida mengi ya Afrika yamo katika African Journals Online. Scientific Reports husomwa na yeyote bila malipo.

Zoezi

1. Eleza kwa nini kutafuta kwa jina la makala pekee kunaweza kumpoteza mtafutaji.
2. Chagua jambo moja ulilofundishwa darasani. Tafuta makala mawili yanayopingana juu yake, kisha uandike ni vipimo gani vimewatenga waandishi wake.