Thamani ya Gari Lililopondeka: Hesabu ya Kampuni ya Bima

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niligongewa gari langu kuukuu. Fundi alisema kuwa lilitengenezeka, kwa gharama iliyo ndogo kuliko thamani yake. Kampuni ya bima, hata hivyo, ikaamua kwamba limeharibika kabisa. Nilijiona nimedhulumiwa, mpaka nilipoiandika hesabu yenyewe.

Bima ya mali hutawaliwa na kanuni ya fidia: mwenye bima hurudishwa katika hali aliyokuwa nayo muda mfupi kabla ya ajali, asipate hasara wala faida. Kwa hiyo kinachotafutwa si bei ya gari jipya, wala bei aliyolinunulia mwenyewe, bali ni bei ambayo gari la aina ile, la umri ule na hali ile, lingeuzwa sokoni siku ya ajali. (Hati chache hutaja thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo; hizo tuziache.)

Tuchukue mfano wa gari lililonunuliwa jipya kwa shilingi 20,000,000, ambalo uchakavu wake ni asilimia 15 kwa mwaka. Wanafunzi wengi wataondoa 3,000,000 kila mwaka. Wakifika mwaka wa 7 watapata hasi 1,000,000, yaani mwenye gari amlipe mnunuzi ili alichukue! Asilimia huondolewa katika thamani iliyobaki, si katika bei ya kwanza. Ikiwa T ni thamani, B ni bei ya kwanza, u ni uchakavu na n ni miaka:

T = B(1 – u)ⁿ

Baada ya miaka 4, T = 20,000,000 × 0.85⁴, yaani takriban 10,440,000.

Jawabu hili ni makisio tu. Mkadiriaji wa hasara hulilinganisha na bei za magari yanayofanana nalo, kisha hutazama kilometa, kutu na matengenezo ya nyuma. Hapa ndipo mwenye gari anapoweza kujitetea: stakabadhi za gereji na bei za magari yaliyo sawa na lake zina uzito kuliko malalamiko.

Sasa tuseme matengenezo (M) yatagharimu 7,000,000. Mbona basi lisitengenezwe? Kwa sababu masalio (S), yaani injini, milango na vyuma, nayo yana bei, tuseme 4,000,000. Kampuni ikilipa thamani yote huyachukua masalio na kuyauza, hivyo hasara yake ni 6,440,000 tu. Gari huhesabiwa limeharibika kabisa ikiwa

M + S > T

Baadhi ya majimbo ya Marekani hutumia ulinganisho huu. Mengine huweka asilimia maalumu ya thamani. Wazo la jamaa moja limo katika sheria ya Uingereza ya bima ya bahari ya mwaka 1906, inayoihesabu meli kuwa imepotea iwapo gharama ya kuitengeneza itazidi thamani yake ikishatengenezwa.

Mwenye gari aliyeendelea kulipa ada kwa thamani ya 20,000,000 hatapokea 20,000,000, kwani kiasi kilichoandikwa katika hati ni ukomo wa malipo. Iwapo bado anadaiwa 12,000,000 na benki, atabaki na deni na hana gari.

Zoezi: (a) Mwenye gari akitaka kubaki na masalio, alipwe kiasi gani? (b) Thamani itashuka chini ya nusu ya bei ya kwanza katika mwaka wa ngapi?