Kutofautisha Ukweli na Maoni: Swali la "Umejuaje?"

Soma kauli hizi mbili. "Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895." "Mlima Kilimanjaro unapendeza kuliko milima yote ya Afrika." Bila shaka umeshajibu: ya kwanza ni ukweli, ya pili ni maoni. Sasa soma ya tatu: "Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 4,200." Hii nayo ni nini?

Kila mwaka nikiuliza swali hili darasani, nusu ya wanafunzi hujibu kwamba ni maoni, kwa kuwa si kweli. Hapo ndipo alama zinapopotea. Kauli ya tatu si maoni, ni dai la uongo. Mlima unaweza kupimwa, na ukipimwa, dai hilo linaanguka. Uzuri wa mlima hauna kipimo cha namna hiyo. Kwa hiyo unapopewa kauli, usianze kwa kuuliza kama ni kweli. Anza kwa kuuliza: je, kuna njia ya kuihakiki kauli hii, hata kama mimi mwenyewe sijaihakiki? Ikiwa njia ipo, hilo ni dai linaloweza kuthibitishwa, na litakuwa la kweli au la uongo. Ikiwa linategemea kupenda, kuchukia au kuthamini kwa msemaji, hayo ni maoni.

Tahadhari na maneno ya kupamba

Watunga maswali wanajua kwamba umekaririshwa kuwa "nadhani" na "naona" ni dalili za maoni. Ni dalili tu. Mtu akisema, "Nadhani Ziwa Tanganyika lina kina kirefu kuliko Ziwa Victoria," ametoa dai linalopimika, na ni la kweli: kina cha Ziwa Tanganyika kinazidi mita 1,400, ilhali cha Victoria hakifiki mita 100. "Nadhani" inatueleza tu kwamba msemaji hana uhakika. Kinyume chake, "Ni ukweli usiopingika kwamba riwaya ni tamu kuliko ushairi" yanabaki kuwa maoni, hata msemaji akipiga meza.

Kubahatisha na kujua

Suala hili ni la zamani. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno, Socrates anatoa mfano wa njia ya kwenda mji wa Larissa. Mtu anayeijua njia atakufikisha. Lakini hata asiyewahi kuipita, akikisia sawasawa, atakufikisha vilevile. Sasa wametofautiana nini? Socrates anajibu kwa kutaja sanamu za fundi Daedalus, ambazo ilisemekana hutoroka zisipofungwa. Maoni sahihi yasiyo na sababu ni kama sanamu hizo: yanafaa yakiwepo, lakini hayakai. Kamba ya kuyafunga ni maelezo ya kwa nini jambo liko hivyo.

Wewe unalifahamu hili kuliko unavyofikiri. Ukichagua herufi C kwa kubahatisha, na C ikawa jibu, unapata alama. Lakini hukujua. Mwenzako akikuuliza, "Umejuaje?" utabadilisha jibu lako papo hapo.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa kuamkia mtihani, ilisambaa bwenini karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ikisemekana ndiyo maswali ya kesho. Wanafunzi wangu wapatao thelathini waliacha madaftari yao wakakesha wakiikariri. Asubuhi hapakuwa na swali hata moja lililofanana na ya karatasi ile. Baadaye niliwauliza mmoja mmoja, "Ulijuaje kwamba ni ya kweli?" Kila mmoja alimtaja mwenzake. Watu thelathini, na hapakuwa na shahidi hata mmoja! Wingi wao ndio uliowadanganya, kwa sababu kila mtu aliona ishirini na tisa wengine wameamini. Na hata kama swali moja lingegongana kwa bahati, bado wasingekuwa wamejua chochote.

Kauli zenye mchanganyiko

Katika ufahamu na insha ya hoja, kauli ngumu ni zile zinazochanganya. Chukua Azimio la Arusha. "Lilitangazwa mwaka 1967" ni ukweli. "Lilikuwa uamuzi bora kuliko yote katika historia ya nchi yetu" ni maoni. Lakini je, "Azimio la Arusha ndilo lililoleta uhaba wa bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1980"?

Usikimbilie kuandika "maoni". Ivunje. Uhaba ulikuwepo, hilo lina ushahidi, na wazee waliopanga foleni za sukari na sabuni bado wapo. Kinachobaki ni dai la kisababishi, na hapo neno "ndilo" limebeba mzigo mzito. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin vilipiganwa mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta duniani ikapanda kipindi hichohicho. Anayetaka tuamini kwamba sababu ni moja lazima aonyeshe kwa nini hizi nyingine hazihusiki. Wasomi bado wanabishana, lakini wanabishana kwa ushahidi, si kama mashabiki wa Simba na Yanga.

Nayo maoni hayalingani yote. "Kila mtu ana maoni yake" si jibu la mtihani. Ukisema Azimio lilikuwa uamuzi mzuri, taja kipimo chako cha uzuri, kisha leta mambo yanayothibitika kukitegemeza. Mtahini anaweza asikubaliane nawe na bado akakupa alama zote.

Zoezi

Kwa kila kauli, eleza kama ni ya kweli, ya uongo, ni maoni au ni mchanganyiko, kisha andika sentensi moja ukijibu swali "Umejuaje?"

(a) Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905.
(b) Naona Dodoma iko kusini mwa Mbeya.
(c) Hakuna asiyejua kwamba maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini.
(d) Vijana wa siku hizi hawasomi vitabu kwa sababu ya simu.

Kauli (d) ina madai mawili. Yatenganishe kabla hujajibu.