Divai ya jangwani: walimaji wa Toconao, maji yao na jirani yao wa madini

Somo la numero hii linatoka mbali, katika inchi ya Chile, Amerika ya Kusini. Hatuendi kule kutafuta zao jipya. Hatumushauri mutu yeyote wa Kalehe ao wa Kalemie kungoa kahawa ao muhogo wake na kupanda mizabibu juu amesoma hapa. Tunaenda kule juu ya koperative moja ndogo sana, walimaji karibu 18 tu. Wanalima fasi yenye mvua karibu hainyeshe, na jirani yao mukubwa ni kampani ya madini. Sisi tuko na mvua mingi na madini mingi, na habari yao inatuhusu kuliko vile inaonekana.

Fasi yenyewe

Upande wa kaskazini wa Chile kuko jangwa yenye inaitwa Atacama. Kuko sehemu za jangwa ile zenye mvua ya mwaka muzima haiwezi kulowanisha hata kifuniko cha sufuria. Kijiji cha Toconao kiko pembeni ya jangwa ile, karibu metre 2 500 juu ya bahari. Miaka mingi mvua yake haifike milimetre 50. Kumbukeni kipimo: milimetre moja ya mvua ni litre moja ya maji kwa kila metre karé ya shamba. Lubumbashi inapata karibu milimetre 1 200 kwa mwaka, na bado tunalia wakati wa kipwa.

Muchana jua linachoma sana, usiku baridi inaweza kuua mumea. Juu yake kunasimama milima ya volkano; mumoja, Láscar, ungali unatoa moshi, na katika mwaka wa 1993 ulitapika majivu mingi. Upande wa chini kuko uwanja mukubwa wa chumvi, weupe, wenye kupita kilometre karé 2 000. Udongo uko na chumvi, na maji ya mito mingi ya jangwa ile iko na chumvi pia.

Sasa, namna gani watu wanaishi pale? Juu ya Toconao iko na bahati moja: kijito chenye kinashuka katika bonde nyembamba, na maji yake ni matamu kupita ya vijiji vya jirani. Kwa maji ile watu walipanda matini, makomamanga, mapera na mizabibu. Wenyeji wanaitwa Lickanantay. Walikuwa pale mbele Wahispania hawajafika. Wahispania ndio walileta muzabibu katika Amerika, miaka ya 1500, na watu wa Toconao waliupokea na kuutunza katika mashamba madogo kando ya mifereji. Kwa hiyo musifikiri kama mutu wa mradi alifika na gari akasema: "Leo tunaanza mizabibu." Mizabibu ilikuwa pale. Mingine ni mizee kabisa. Zabibu ilikuwa ya kula, ya kukausha, na ya kutengeneza divai kidogo ya nyumba.

Maji inagawanywa mbele ya kitu chochote

Kama munataka kujua mashamba ya Atacama ni ya nani, musianzie na udongo, muanzie na maji. Udongo uko mwingi, hakuna mwenye anaupigania. Maji ni ya zamu. Kila familia iko na saa yake ya kufungua mufereji, na kama zamu yako ni usiku, unaamuka usiku. Wazee wengine wanaenda shambani na tochi saa tisa ya usiku.

Usiku si taabu ya bure, angalieni. Maji yenye unamwanga saa sita ya muchana, sehemu kubwa inapanda hewani mbele mizizi haijakunywa. Na katika maji yenye chumvi kuko mubaya zaidi: maji inapanda, chumvi inabaki. Mwaka kwa mwaka chumvi inakusanyika karibu na mizizi, mumea unaona kiu hata kama udongo uko na unyevu, majani yanaungua pembeni. Wamama wetu wenye wanalima mboga kiangazi karibu na Ziwa Tanganyika ao kando ya mito wanaweza kufanya jaribio hili bila feza: tuta moja mwange saa sita ya muchana, tuta la pili mwange jua likisha kushuka, kiasi kilekile cha ndoo, alafu muchimbe na kidole asubui yenye kufuata.

Wazee wa Toconao wanafanya kitu kingine chenye mafundi wa divai wa Ulaya wangekishangalia: wanaacha mizabibu ikae katikati ya miti ya matunda, ndani ya kivuli. Kwa kawaida muzabibu unapewa jua lote. Lakini kwenye urefu ule jua ni kali kupita kiasi, na muti mukubwa unakinga zabibu muchana na unapunguza baridi ya usiku. Ni sawa na kahawa chini ya kivuli, kama vile tunaijua hapa. Mashamba mapya yako na mipira midogo yenye matundu, inatonesha maji tone kwa tone kwenye shina. Mipira ile inaokoa maji mingi, ni kweli, lakini inahitaji chujio na mutu wa kuisafisha, kama sivyo chumvi na muchanga vinaziba matundu kwa musimu mumoja.

Mizabibu mingine iko juu zaidi, kwenye kijiji cha Socaire, yenye kupita metre 3 000. Wandugu wa Goma wafikirie Nyiragongo, yenye kilele chake kiko metre 3 470, wataelewa ni baridi gani. Katika Socaire, kila mwaka mwezi wa kumi, kijiji chote kinatoka kusafisha mufereji mukubwa. Ni salongo, lakini ni salongo ya heshima: kuko chakula, kuko maombi kwa milima yenye inatoa maji, na wimbo wenye maneno ya luga yao ya zamani, kunza, yenye hakuna tena mutu anaizungumuza nyumbani. Sisi salongo yetu mara mingi ni amri ya chefu na amende kwa mwenye hakuja. Ningependa tuzungumuze siku moja ni nini ilifanya ya kwao idumu hata luga yenyewe ikafa.

Namna koperative ilizaliwa

Mulimaji wa Toconao iko na kipande kidogo. Wengi hawafike hata hektari moja. Akivuna, anapata kilo mia kazaa. Na kilo mia kazaa hazitoshe kutengeneza divai ya kuuzisha. Divai ya duka inaomba tanki safi, mashine ya kukamua, fundi mwenye anajua kupima sukari na uchachu, karatasi za serikali, chupa, etiketi. Mutu mumoja hawezi. Akijaribu, feza ya chupa na karatasi peke yake inakula mavuno yote.

Mwaka wa 2017 waliungana katika koperative. Zabibu za wote zinaingia katika nyumba moja ya kutengenezea, na divai inatoka na jina moja: Ayllu. Ni neno la zamani la watu wa milima ya Andes. Maana yake ni kundi la familia pamoja na udongo wao na maji yao. Jina la mutu mumoja halikuwekwa mbele ya wengine, na ninaona walifanya vizuri.

Tufanye hesabu kidogo. Mwaka mumoja, karibu na 2021, waliingiza karibu tani 16 za zabibu na wakatoa karibu chupa 12 000. Gawanyeni: kilo moja na kidogo kwa kila chupa. Gawanyeni tena tani 16 kwa walimaji 18: hazifike kilo 900 kwa mutu. Ni kidogo sana, hata katika Chile yenyewe, inchi yenye kuuzisha divai dunia yote, chupa hizo ni kama tone ndani ya pipa. Walijua hawawezi kushindana kwa wingi. Wakauzisha kitu chenye mashamba makubwa ya bondeni hawana: zabibu ya jangwa, ya urefu, ya udongo wa volkano, yenye ngozi nzito juu ya jua kali, na majina ya vijiji vyenye inatoka.

Wenzetu wa kahawa ya Kivu wanaelewa bila kufasiriwa. Mutu mwenye anakausha kahawa yake peke yake nyumbani anakubali bei ya mununuzi wa barabarani. Wenye wanapeleka matunda mekundu kwenye kituo kimoja cha kuosha wanaweza kuomba bei ingine. Lakini hapo ndipo shida inaingia pia, na tuiseme wazi. Katika tanki moja, zabibu zenye kuoza za mutu mumoja zinaharibu divai ya wote. Kwa hiyo mutu mwenye anasimama kwenye mizani lazima awe na uwezo wa kusema "hapana, hizi rudisha", hata kama ni za shemeji yake, hata kama ni za prezida. Koperative mingi tunazojua hazikuanguka kwa ukosefu wa soko. Zilianguka pale kwenye mizani.

Jirani mwenye anasaidia na mwenye anakunywa

Chini ya uwanja ule wa chumvi kuko maji ya chumvi yenye litiumu, ile madini ya batri za simu na za gari za umeme. Kampani SQM inavuta maji ile na pompe, inaimwanga katika mabwawa makubwa, na jua linaikausha kwa miezi mingi mupaka litiumu inabaki. Kampani ile ile, kwa programu yake ya kusaidia mashamba, ililetea walimaji wa Toconao wataalamu wa mizabibu na wa divai na kuwasaidia kuanza. Bila musaada ule, Ayllu pengine isingekuwa. Haifai kuficha jambo hilo.

Lakini upande wa pili nao usifichwe. Mwaka wa 2016 wakubwa wa mazingira wa serikali ya Chile waliishitaki SQM kwamba ilivuta maji ya chumvi kupita kiasi chenye iliruhusiwa. Mwaka wa 2019 tribinali ya mazingira ilikubali malalamiko ya jamii za wenyeji juu ya mupango wenye kampani ilileta ili kurekebisha mambo. Jamii zinasema: maji ya chumvi na maji matamu ya pembeni yanagusana chini ya udongo, ukivuta huku, kule kunapungua. Kwa hiyo mulimaji anapokea mipira ya kumwangia maji kutoka kwa jirani, na ni jirani huyo huyo mwenye anavuta maji usiku na muchana. Wengine katika vijiji vile wanapokea musaada, wengine wanakataa kabisa, na ndani ya familia moja unaweza kukuta wote wawili. Mimi siwezi kuwahukumu. Mutu mwenye shamba lake linakauka hangoje tribinali.

Sasa turudi kwetu. Manono, katika Tanganyika, iko na litiumu mingi. Kule iko ndani ya mawe, haiko ndani ya maji, kwa hiyo kazi na hasara yake havitakuwa sawasawa na vya Atacama. Lakini ulizo la koperative ni moja, na wandugu wa Kolwezi na wa Likasi wamekwisha kulijua zamani. Sheria yetu ya madini, kama vile ilirekebishwa mwaka wa 2018, inaomba kampani iandike cahier des charges pamoja na jamii, na itoe angalau 0,3 % ya feza ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Feza ile si zawadi. Ni haki yenye imeandikwa. Mutu akija kwenye koperative na mbegu, jembe na fulana yenye jina la kampani, akisema ni roho nzuri ya mukubwa wao, mumuulize kwa heshima: hii iko katika cahier des charges, ao ni kitu kingine?

Na kama munapokea, mupokee vitu vyenye vinabaki: mafunzo, mizani, nyumba yenye karatasi zake ziko kwa jina la koperative. Mishahara ya komite ikilipwa na kampani, komite itasikiliza kampani. Kuhusu maji, pimeni wenyewe kisima chenu kila mwezi, tangu sasa, mbele mashine hazijaanza: kamba, jiwe, na daftari. Mwenye hana namba ya zamani hawezi kuonyesha kama maji imeshuka.

Maulizo ya kuzungumuza katika kikundi

Katika koperative yetu, nani anasimama kwenye mizani, na mara ya mwisho alirudisha muzigo wa mutu ilikuwa lini? Maji yetu ya kiangazi inagawanywa kwa zamu ao kwa nguvu? Ni vitu gani tunavyo leo vyenye vimeandikwa kwa jina la koperative, na ni vipi viko kwa jina la mutu ao la mradi? Agronomu akiondoka mwezi kesho, nani kati yetu anajua kupima, kuandika daftari na kuzungumuza na mununuzi?

Katibu aandike majibu katika daftari ya kikundi. Animateri atayachukua kwenye mukutano wenye kufuata.